Swali la Mwanafunzi wa Helsinki

Kila mwaka wanafunzi hunijia wakitaka niwape mada ya mradi. Mimi huwarejesha Agosti 1991. Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwaandikia watumiaji wa Minix, mfumo endeshi ambao Profesa Andrew Tanenbaum aliutunga kwa ajili ya kufundishia, akawauliza wanapenda nini na wanachukia nini ndani yake. Hakuomba mada, kazi alikwisha kuianza, akiiita burudani tu. Mfumo wake, Linux, aliuweka 1992 chini ya leseni huria ya GPL, na watu asiowafahamu wakaendelea kuurekebisha. Tasnifu yake ya uzamili juu yake ilikuja 1997! Hapa kwetu tasnifu hutangulia, na programu hufia kabatini kabla mtumiaji hata mmoja hajaulizwa anakwama wapi.