Kisanduku cha Vitabu na Swali la Mtoto



Mwaka 2009, katika mji mdogo wa Hudson, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, bwana mmoja aitwaye Todd Bol alitengeneza kisanduku cha mbao mfano wa shule ndogo, kumkumbuka mama yake aliyekuwa mwalimu. Alikisimamisha mbele ya nyumba yake, akakijaza vitabu. Utaratibu ulikuwa rahisi: chukua kitabu, nawe lete kingine. Jambo hilo likaenea, na kufikia mwaka 2012 visanduku hivyo vilizidi 2,509, ambayo ni idadi ya maktaba zilizojengwa kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie.

Lakini kisanduku hakichapishi vitabu. Hupokea vile majirani walivyo navyo majumbani, na vitabu hivyo navyo vina historia yake.

Mwaka 1965, Bi Nancy Larrick aliandika makala katika jarida la Saturday Review. Alisimulia habari za mtoto mweusi wa miaka mitano aliyetazama kitabu cha picha akauliza kwa nini watoto wa vitabuni siku zote ni Wazungu. Bi Larrick alichunguza vitabu vya watoto zaidi ya 5,000 vilivyotolewa kati ya 1962 na 1964. Vilivyokuwa na japo mtu mweusi mmoja, kwa maneno au kwa picha, vilikuwa asilimia 6.7 tu.

Miaka 20 ikapita. Mwaka 1985, kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin kilihesabu kazi za waandishi na wachoraji weusi wa Marekani. Kati ya vitabu kama 2,500 vya mwaka ule, vilikuwa 18.

Mwaka 1990, Profesa Rudine Sims Bishop akafafanua kwamba kitabu ni dirisha la kuwaona wengine, na pia ni kioo cha kujiona mwenyewe. Mtoto asiyejiona humo hujifunza kuwa hana thamani. Na yule anayejiona peke yake hudhani dunia ni yake. Wote wawili wamedhurika.

Mei 25, 2020, George Floyd aliuawa na polisi mjini Minneapolis. Mwaka huohuo taasisi ya visanduku hivyo ilianzisha mradi wa Read in Color, ikianzia Minneapolis na St. Paul, ili kuweka humo vitabu vinavyoeleza maisha ya watu wa asili mbalimbali. Walitambua kuwa tukingojea vitabu vije vyenyewe, vitakuja vilevile vya jana.

Ndugu wazazi, funzo ni hili: anayetoa kitabu ndiye anayechagua. Kabla ya kumpa jirani kitabu, tukifungue kwanza, tutazame ni watoto wa nani waliomo, na ni watoto wa nani waliosahauliwa. Yule mtoto aliuliza akiwa na miaka mitano. Wetu nao wanatazama.