Maji ya ardhini "yanayopotea" na deni la mto: mradi wa Colorado ulivyopangwa

Kuokoa maji ya ardhini maana yake ni kuyavuta maji ambayo yangeishia hewani bila kutumiwa na mtu, kisha kuyapeleka yanakohitajika. Mradi unaojulikana zaidi wa aina hii uko kusini mwa jimbo la Colorado, Marekani, kwenye bonde la San Luis. Tunaueleza hapa kwa sababu swali lililowasumbua wakulima wa huko ndilo linalosikika kwenye mikutano ya wakimbizi na jamii wenyeji kila kisima kirefu kipya kinapotajwa: nani amethibitisha kwamba maji hayo hayana mwenyewe, na kisima changu kikikauka nitamwendea nani?

Mto Rio Grande huanzia kwenye milima ya Colorado, hupita New Mexico, kisha Texas, ambako unakuwa mpaka na Meksiko. Kwa mkataba wa mwaka 1906, Marekani huipa Meksiko takriban mita za ujazo milioni 74 kila mwaka, isipokuwa wakati wa ukame mkali. Mwaka 1938 majimbo hayo matatu yalitia saini mkataba wao wenyewe. Colorado haikuahidi kiasi kimoja kisichobadilika. Maji hupimwa yanapotoka milimani, na kutokana na kipimo hicho hujulikana ni kiasi gani lazima kivuke kituo cha kupimia cha Lobatos, karibu na mpaka wa New Mexico. Mvua ikiwa nyingi wajibu unaongezeka, ikiwa kidogo unapungua.

Colorado ilishindwa. Mashamba yake yalikuwa yamezoea maji, na kufikia miaka ya 1960 deni lilikuwa limepita mita za ujazo bilioni 1. Mwaka 1966 Texas na New Mexico ziliishtaki katika Mahakama Kuu ya Marekani. Kulipa kwa kufunga mifereji kungewaumiza wakulima moja kwa moja, hivyo macho yakageukia upande wa kaskazini wa bonde.

Huko kuna eneo ambalo maji yake hayafiki mtoni kwa njia ya kawaida. Yanakusanyika sehemu ya chini, karibu sana na uso wa ardhi. Jua huyakausha, na vichaka vinavyostahimili chumvi huyanyonya. Wapangaji walisema: tukiyavuta haya, mto utapata maji na hakuna mkulima atakayenyang'anywa. Mwaka 1972 Bunge la Marekani liliidhinisha mradi. Visima 170 vilichimbwa, pamoja na mfereji wa kilomita 68 hivi wa kupeleka maji mtoni.

Kwa maoni yetu, mambo ya kujifunza zaidi ni masharti yaliyoandikwa kabla pampu haijawashwa. Sheria ilikataza mradi kushusha maji ya visima vilivyokuwepo nje ya mipaka yake kwa zaidi ya futi 2, yaani sentimita 60 hivi. Ilipanga pia foleni ya matumizi: kwanza wajibu wa mkataba, kisha sehemu ya maeneo oevu ya ndege na wanyama ya Alamosa na Blanca, halafu kupunguza deni la zamani, na umwagiliaji mwishoni. Hata faida ya maji hayo iligawanywa, asilimia 60 kwa watumiaji wa Rio Grande na 40 kwa wale wa mto Conejos. Ugomvi mwingi huanzia hapo, pale kila mtu anapokubali mradi lakini hakuna aliyeandika nani anatangulia.

Ubora nao ulikuwa umefikiriwa mapema. Mkataba wa 1938 ulisema Colorado haitahesabiwa maji yatakayotoka eneo hilo ikiwa yana sodiamu kupita kiwango kilichowekwa. Walio chini ya mto hawakutaka kulipwa kwa maji ya chumvi.

Hata hivyo matokeo hayakufuata makaratasi. Bakteria wanaoishi kwa madini ya chuma waliziba visima, na kiasi kilichovutwa kikabaki chini sana ya makisio ya mwanzo ya mita za ujazo zaidi ya milioni 120 kwa mwaka. Deni lenyewe lilifutwa na mvua: mwaka 1985 bwawa la Elephant Butte huko New Mexico lilijaa na kufurika, na mkataba unasema bwawa likifurika madeni yanafutika. Baadaye, ukame wa 2002 na uvutaji wa maji ya mashamba vilishusha sana maji ya ardhini ya bonde. Maji yakishuka, hata yale yaliyoitwa "yanayopotea" yanapungua.

Makazi yetu hayana madeni ya mto ya namna hiyo, lakini maji ya chini hayajui mpaka wa makazi na kijiji. Katika Nakivale, Uganda, wakimbizi na wenyeji hutegemea ziwa lilelile. Mhandisi akiwaambia kwamba maji fulani yanapotea bure, kamati ya maji iulize yanapotelea wapi. Mara nyingi yanalisha kinamasi, malisho ya ng'ombe au chemchemi ya watu wa chini.

Na kabla ya kisima kipya kuanza kuvutwa, visima jirani vipimwe. Kamba yenye uzito na alama za mita inatosha kwa kisima kilicho wazi. Chenye pampu ya mkono kinahitaji fundi. Pimeni asubuhi kabla watu hawajaanza kuchota, wakati wa kiangazi na tena wakati wa masika. Tarehe na kina viandikwe kwenye daftari mbili, moja ibaki kwa wakimbizi na nyingine kwa wenyeji, zote zikiwa na saini za pande zote mbili.