Wakili chipukizi na mirathi ya mpakani Tororo

Mzee anapofariki Nabuyoga, wilayani Tororo mashariki mwa Uganda, ugomvi wa shamba lake mara nyingi huanza kabla matanga hayajaanuliwa. Shamba halina hatimiliki, mipaka yake hujulikana kwa miti na kumbukumbu za majirani, na huenda marehemu aliacha kiwanja kingine ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya. Hapo ndipo kazi ya wakili chipukizi wa mirathi na ardhi inapoanzia.

Uingereza, mambo ya wosia, amana na mali za marehemu yalikuwa ya mahakama ya Chancery, iliyounganishwa na Mahakama Kuu kwa sheria za mwaka 1873 na 1875, na hadi leo wapo mabarista wanaoyashughulikia hayo tu. Uganda ilirithi kanuni hizo za haki bila kurithi mgawanyo wa mabarista na masolisita. Wakili wa Tororo huandaa nyaraka mwenyewe na kusimama mahakamani mwenyewe.

Njia yake ni ndefu. Baada ya shahada, ambayo Makerere huchukua miaka minne, husoma stashahada ya uwakili katika Kituo cha Maendeleo ya Sheria cha Kampala, kilichoanzishwa mwaka 1970, kisha huandikishwa katika orodha ya mawakili. Hata hapo hawezi kufungua ofisi yake mara moja. Sheria humtaka kwanza afanye kazi chini ya wakili mwenye uzoefu.

Kazi ya mwanzo haina fahari. Hukusanya cheti cha kifo, barua ya mwenyekiti wa kijiji na kumbukumbu za kikao cha ukoo, na kuhakikisha hakuna mtoto aliyefichwa. Kwa waombaji wengi huhitajika pia hati ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi. Ndipo ombi hupelekwa mahakamani na tangazo kutolewa gazetini. Kikao cha ukoo ndicho kinachomtesa wakili kijana, kwani mjane huweza kunyamaza mbele ya mashemeji na ukimya wake ukaandikwa kuwa ridhaa.

Sheria yenyewe imebadilika. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya Sheria ya Mirathi vilivyowabagua wanawake, lakini Bunge lilichukua miaka 15 kuviandika upya. Chini ya marekebisho ya mwaka 2022, marehemu asiyeacha wosia, watoto na wajukuu wake hupata asilimia 75 ya mali, mwenzi asilimia 20, ndugu tegemezi asilimia 4 na mrithi wa kimila asilimia 1. Zamani mjane alipata asilimia 15. Nyumba ya familia haiingizwi katika mgawo huo.

Tororo pia ina historia yake katika sheria hizi. Shirika la Mifumi, lenye asili yake wilayani humo, lilipeleka suala la mahari hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba.

Amri ya usimamizi ikishatolewa, msimamizi ana miezi sita ya kuwasilisha orodha ya mali na mwaka mmoja wa kutoa hesabu. Wengi husahau, na wakili asipowakumbusha, wapinzani hupata sababu ya kuomba amri hiyo ifutwe.

Kuhusu kiwanja cha Busia, ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo. Barua za usimamizi zilizotolewa Uganda hazina nguvu Kenya mpaka zitiwe muhuri na mahakama ya huko, kama Sheria ya Urithi ya Kenya inavyoruhusu kwa nchi za Jumuiya ya Madola. Wakili wa Tororo humtafuta mwenzake wa Kenya wa kuwasilisha ombi hilo, na ni vyema familia ielezwe mapema kwamba kutakuwa na ada mbili.