Kalenda Mbili: Habari za Afya na Usalama wa Watu Wetu katika Misimu ya Mwaka

Katika vijitabu vya kumbukumbu kama hiki, desturi ni kuwataja wale waliojenga misikiti na kuanzisha madrasa, nao kwa hakika wanastahili kutajwa. Lakini msikiti hujazwa na watu walio hai, na madrasa haina maana ikiwa watoto wamelala nyumbani kwa homa. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kurasa chache zitolewe kwa habari nyingine ya kale na ya sasa: jinsi watu wa Mbale, wa Busoga na wa miteremko ya mlima Elgon walivyopambana na maradhi na hatari ziletwazo na mvua na jua. Funzo la habari hizo ni moja. Hatari nyingi za mwaka zina majira yake yanayojulikana, na kazi ya kuziepuka hufanywa katika majira yaliyotangulia, wala si siku zinapofika.

Nakaloke yetu iko katika nchi tambarare, kaskazini ya Mbale, kando ya barabara iendayo Kumi na Soroti. Upande wa mashariki twauona mlima, ambao Wamasaba huuita Masaba na wageni wakauita Elgon. Mlima huo ndio unaotupa mvua, mito na udongo mwema. Kwa kawaida kiangazi chetu ni kuanzia Desemba mpaka Februari. Mvua huanza Machi na kuzidi Aprili na Mei. Kisha hupungua kidogo katikati ya mwaka, na hurudi tena tangu Agosti mpaka Novemba. Mkulima anayajua haya bila ya kufundishwa na mtu.

Basi Mwislamu wa nchi hii huishi kwa kalenda mbili. Kalenda ya mwezi ndiyo ya ibada: humwambia lini afunge, lini asali Idi, lini ahiji. Lakini kalenda hiyo haifuati mvua wala jua, kwa maana kila mwaka hurudi nyuma siku kumi na moja hivi. Mwaka 2018 Ramadhani ilianza katikati ya Mei, wakati wa mvua kubwa. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, kiangazi kikiwa kinamalizika. Kwa hiyo anayetaka kujua lini apande mahindi, au lini ajihadhari na homa, hana budi kuwa na hesabu ya pili.

Ndugu zetu wa pwani waliligundua jambo hili zamani sana. Pamoja na kalenda ya Hijra, Waswahili walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365, ulioanza siku ya Nairuzi, na siku zake zikahesabiwa kumi kumi. Kila kumi likaitwa mwongo. Kwa miongo hiyo nahodha alijua lini aondoke na lini asiiamini bahari, na mkulima alijua lini afyeke na lini apande. Hata leo watu wa Makunduchi, katika kisiwa cha Unguja, huusherehekea mwaka huo kila Julai. Hekima ya kalenda ile ni kwamba nahodha hakungoja dhoruba ndipo ashone tanga lake. Alihesabu miongo, akajitayarisha chombo kikiwa bado kiko pwani.

Sasa na tuitazame misimu yetu wenyewe kwa hesabu hiyo, tukianza na mvua na homa ya malaria. Kwa karne nyingi watu walidhani homa hii hutokana na hewa mbaya ya mabwawa. Ni mwaka 1897 ambapo daktari Ronald Ross, akifanya kazi Bara Hindi, alipokiona kijidudu cha malaria ndani ya mbu. Tangu hapo twaweza kuhesabu. Mvua ya kwanza huacha vidimbwi. Yai la mbu huchukua muda wa wiki moja mpaka mbili kuwa mbu kamili. Kijidudu huhitaji siku kama kumi au zaidi kukomaa ndani ya mbu. Na mtu aliyeumwa huweza kukaa wiki moja au mbili kabla ya kuona homa. Jumlisha siku hizo, utaona kwamba mvua iliyonyesha Machi huonekana hospitalini Mei. Mwenye kutafuta chandarua siku mtoto anapotetemeka amechelewa kwa zaidi ya mwezi mzima.

Hospitali ya Mbale imeuona ukweli huu kwa miaka mingi, tena imeifunza dunia. Baina ya mwaka 2009 na 2011 ilikuwa moja ya hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania zilizofanya uchunguzi mkubwa juu ya watoto wenye homa kali ambao damu yao ilikuwa haizunguki vizuri mwilini. Watoto 3,141 waliingizwa katika uchunguzi huo. Wakati ule madaktari wa nchi nyingi waliamini kwamba watoto kama hao waingizwe maji mengi ya dripu kwa haraka. Matokeo yakawa kinyume cha matumaini: katika saa 48 za mwanzo, miongoni mwa kila watoto mia waliopewa maji kwa haraka walikufa kumi hivi au kumi na mmoja, na miongoni mwa mia ambao hawakupewa hivyo walikufa saba. Habari hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza, hata madaktari hujifunza kwa kupima, wala si kwa kudhani. La pili, homa ikisha kuwa kali, mikono ya daktari mwenyewe imefungwa. Kinga ni bora kuliko kumtegemea yeye.

Na kinga zipo. Serikali imegawa vyandarua nchi nzima mara kadhaa tangu kampeni ya mwaka 2013 na 2014. Katika wilaya za mashariki kama Tororo na Budaka, nyumba zilipigwa dawa ya mbu, na homa ikapungua sana. Lakini baadaye, nguvu ya kinga hiyo ilipopungua, homa ilirudi kwa kishindo. Aprili 2025 Uganda ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto wadogo katika wilaya 105. Chanjo hiyo hutolewa mara nne: mtoto akiwa na miezi sita, saba, minane, na mwisho kumi na minane. Wazazi wengi hukumbuka tatu za kwanza na kuisahau ya nne, kwa kuwa mtoto amekwisha kutembea naye aonekana mzima. Hiyo ya nne pia ni haki yake.

Hatari ya pili ya mvua ni maji yenyewe. Siku ya tarehe 1 Machi 1, mwaka 2010, mlima uliporomoka katika kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, ukafunika nyumba, soko na zahanati, na watu zaidi ya mia tatu walihesabiwa kuwa wamekufa au wamepotea. Tarehe 11 Oktoba 2018 maporomoko yalirudi katika wilaya ile ile, yakaua watu zaidi ya arobaini. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 zamu ilikuwa ya Mbale: mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikachukua watu, magari na nyumba, zaidi ya watu ishirini wakafariki, na mabomba ya maji safi yakavunjika. Tarehe 27 Novemba 2024 msiba ukaifikia Bulambuli.

Msomaji azitazame tarehe hizo kwa makini. Mmoja tu katika misiba minne ulitokea katikati ya msimu wa mvua. Mwingine ulitokea siku ya kwanza ya Machi, ambapo wengi walikuwa bado wanahesabu kiangazi; mwingine mwishoni mwa Julai; na mwingine Novemba ikiisha, watu wakidhani mvua imekwisha kuaga. Kumbe hesabu ya miaka ya wazee wetu haitoshi peke yake siku hizi, kwa kuwa mvua zimeanza kuvunja ahadi. Hata miongo ya pwani, kwa kuwa haina siku ya nyongeza, husogea siku moja kila miaka minne, na wenye kuitumia hulijua hilo. Kwa hiyo matayarisho ya Machi yawe yamekwisha Februari, na ya Agosti yawe yamekwisha Julai haijafika katikati.

Wazee wanasimulia kwa fahari kwamba katika miaka ya kwanza ya uhuru, baada ya 1962, Mbale ilisifiwa kuwa mojawapo ya miji safi kupita yote katika Afrika ya Mashariki. Usafi ule haukuwa pambo tu. Mfereji uliozolewa taka hupitisha maji. Mfereji uliojaa takataka huyarudisha sebuleni mwa mtu. Na gharika ikisha pita, maji ya vyoo huchanganyika na maji ya visima, nacho kipindupindu, ambacho kilifika Uganda mwaka 1971, hupata njia. Ndiyo sababu maji ya kunywa yachemshwe wakati wote wa mvua, hata yakionekana meupe kama kioo.

Tuje sasa kwenye kiangazi, ambacho wengi hukiona kuwa msimu wa raha. Mwanzoni mwa karne ya 20, jirani zetu wa Busoga na wa pwani za ziwa, karibu na Jinja, walipatwa na ugonjwa wa malale. Katika miaka ishirini hivi walikufa watu zaidi ya 200,000. Mwaka 1903 ikathibitishwa kwamba mbung'o ndiye mwenye kuueneza, naye hukaa katika vichaka vya kando ya maji, pale pale watu wanapoteka na kunywesha mifugo. Gavana Hesketh Bell akaamuru pwani za ziwa zihamwe, na watu wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Msiba huo haukuishia hapo. Katika miaka ya 1970, uchumi ulipoanguka na mashamba ya pamba na kahawa yakaachwa, vichaka vilirudi Busoga, mbung'o wakarudi navyo, na malale yakaua tena. Mwaka 1998 ugonjwa ulifika Soroti pamoja na ng'ombe waliouzwa sokoni bila ya kutibiwa. Basi kiangazi ni wakati wa kufyeka vichaka vya kisimani, kuwatibu ng'ombe kabla ya kuwapeleka mnadani, na kuzibua mifereji ingali mikavu.

Huenda mtu akasema kwamba haya yote ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na kwamba kujitayarisha sana ni upungufu wa imani. Swali hili si geni Mbale. Semei Kakungulu, jemadari aliyeianzisha Mbale na ambaye wafuasi wake walipanda miti na kukata barabara katika nchi hii, alijiunga baadaye na madhehebu ya Wamalaki, ambao walikataa dawa zote kwa kuwa waliamini kwamba tiba ni ya Mungu peke yake. Alikuwa mtu hodari na mwenye imani ya kweli, nasi hatumdharau. Lakini Waislamu tumepewa mfano mwingine. Sayyidna Umar, karibu na mwaka 638, alikuwa safarini kwenda Sham akasikia kwamba huko kumeingia tauni. Alipofika Sargh akashauriana na masahaba, akaamua kurudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba anatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyingine. Kisha Abdurrahman bin Auf akawajulisha aliyoyasikia kwa Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, kwamba watu wasiingie katika nchi yenye tauni, wala waliomo wasitoke kuikimbia.

Mfano huo tuliuhitaji wenyewe. Tarehe 18 Machi 2020 ilitangazwa kwamba mikusanyiko ya ibada isimamishwe nchini Uganda kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na Ramadhani ya mwaka ule tarawehe zikasaliwa majumbani. Ilikuwa huzuni kubwa kuiona misikiti imefungwa. Lakini waliobaki nyumbani kwa nia njema hawakuiacha dini. Waliifuata njia ya Umar.

Basi, ndugu zetu, kumbukumbu bila ya kazi ni hadithi tu. Januari na Februari tufyeke, tuzibue mifereji, tuchimbe vyoo penye mwinuko na mbali na visima. Kabla ya Machi kila chandarua kishonwe kitobo chake. Wakati wa mvua tuchemshe maji, tusivuke mto uliofurika hata kama twachelewa sala, na mwenye jamaa mlimani amwambie ahame mara aonapo ufa katika ardhi juu ya nyumba yake. Julai tuanze tena upya kwa ajili ya mvua ya Agosti. Na wale wanaoangalia mwezi mwandamo kwa ajili yetu, na watukumbushe pia msimu unaokuja, Ijumaa moja kabla haujafika. Mwenye kuzishika kalenda zote mbili ameitunza ibada yake na ameutunza mwili wa kuifanyia. Mwenyezi Mungu atupe afya na atuwafikishe.