Soko la Mkunazini na Husuda ya Moyo

Ndugu Wakristo, nanyi walimu mfundishao watoto wetu, katika yubile ni desturi kuhesabu makanisa na shule. Ni vema. Lakini yatupasa pia kuyakumbuka majaribu yaliyowapata wazee wetu, na moja katika hayo ni husuda: kumtazama mtu aliyetajirika kwa udhalimu, na kusema moyoni, Laiti ningekuwa kama yeye.

Pale Mkunazini, katika mji wa Unguja, palikuwa na soko la watumwa. Watu waliotekwa bara na katika nchi za Nyasa walipangwa safu, wakakaguliwa meno na viungo kama ng'ombe, wakauzwa. Machoni pa wengi, mwenye watumwa ndiye aliyekuwa mtu hasa. Hata wako watumwa ambao, walipopata mali kidogo, walinunua watumwa wao wenyewe. Ndivyo husuda ifanyavyo: aliyeonewa hataki tena uonevu ukome, ataka zamu yake.

Katika matajiri wa siku zile hakuna aliyejulikana kupita Hamed bin Muhammad, aitwaye Tippu Tip. Alipita na misafara yake Tabora na Ujiji mpaka Kongo, akitafuta pembe na watumwa. Mwisho akarudi Unguja, na habari zasema alikuwa na mashamba saba na watumwa wapatao 10,000. Akafa mwaka 1905 nyumbani kwake, naye ni mtu wa kuheshimiwa. Basi tusiwaambie watoto kwamba kila dhalimu hufilisika hapa duniani. Si kweli, nao wataona kwamba si kweli. Kisha hata maneno yetu mengine hawatayasadiki.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Padre Steere wa misheni ya U.M.C.A. walifika Unguja, na Sultani Majid akampa Askofu wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hawakuwa na jamaa wala mali, nani angewahusudu? Lakini mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Na Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni, akapewa upadre mwaka 1890, akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kuupata. Majaliwa alirudi bara, akawahubiri watu wa kabila lake. Njia ile ile waliyoshushwa watumwa, yeye aliipanda na Injili.

Na soko je? Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia mkono mapatano ya kulifunga. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa pale pale jiwe la msingi la Kanisa la Kristo, nalo likajengwa chini ya Steere, aliyekuwa Askofu tangu 1874. Alipofariki mwaka 1882 akazikwa humo.

Asafu, katika Zaburi ya 73, akiri kwamba neema ya waovu ilikaribia kumwangusha, mpaka alipoingia mahali patakatifu ndipo akafahamu. Mkristo aingiapo kanisa la Mkunazini afahamu nini? Kwamba husuda huiona nyumba ya mawe, isimwone aliyeuzwa ili ijengwe. Amtamaniye dhalimu kwa mali yake hatamani mali tu. Atamani na kilio kilichoileta.

Walimu wenzangu, mshahara wetu ni mdogo, na jirani ala rushwa akaezeka bati. Mtoto ataka kujua ni nani mwenye akili kati yetu. Tusimjibu kwa laana juu ya jirani, maana laana nayo mara nyingi ni husuda iliyovaa kanzu. Tumwonyeshe mjane aliyenyimwa haki yake ili bati lile linunuliwe, kisha twende naye kumsaidia mjane yule. Hapo moyo hupona, na yubile yetu itakuwa na maana mbele za Mungu.