Kinyago Kidogo, Mchongo wa Nani?

Pita Karatu ukielekea Ngorongoro: maduka yamejaa Wamasai wadogo wa mbao. Ila uchongaji wa mpingo haukuanzia huku. Wamakonde walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kazi, wengi kwenye mkonge, na miaka ya 1950 walikuwa tayari wanawauzia wageni vinyago Dar. Ngorongoro ikawa hifadhi mwaka 1959, biashara ikafuata watalii kaskazini.

Mtalii anataka kinachoenea kwenye begi. Sawa, lakini macho na vidole vya kinyago kidogo havichongwi chapchap, wakati bei inaangalia ukubwa. Mpingo nao hukomaa kwa miongo kadhaa. Mwenye duka ana chake, mara nyingi dereva naye anasubiri kamisheni. Mchongaji je? Ukiomba punguzo, jua linakatwa kwa nani.