Waya wa Ardhini

Nikitazama dishi juu ya paa, macho yangu hutafuta waya mmoja: ule unaoshuka hadi ardhini. Picha haiuhitaji, ndiyo maana fundi mwenye haraka huuacha.

Mwaka 1976 Taylor Howard, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, alijiundia dishi nyumbani kwake California. Madishi ya wakati ule yalikuwa makubwa, ya watu wachache. Mwaka 1994 DirecTV ikaleta dishi la sentimita 45. Mwaka 1996 Marekani ikazuia manispaa na vyama vya wenye nyumba kuwakataza watu kufunga dishi lisilozidi mita moja, isipokuwa kwa sababu chache, usalama ukiwemo. Haki ilipatikana, ujuzi ulibaki wa kutafutwa. Chama cha biashara ya setelaiti, SBCA, kikawafundisha na kuwatahini mafundi. Kanuni za umeme nazo zilitaka mlingoti wa dishi uunganishwe na ardhi.

Mtaani kwetu, picha ikitokea, fundi analipwa na kuondoka. Simlaumu peke yake. Sisi wateja hukagua kioo cha televisheni tu, na waya huo tunaukumbuka radi ikishapiga.